Reli Isiyo na Njia Yake

Sina ugomvi na tramu. Gari la umeme liendalo juu ya reli mjini, lisilotoa moshi, lenye sakafu ya chini hata mzee wa magoti mabovu kama mimi aingie bila kushikwa mkono, ni kitu kizuri. Ugomvi wangu ni pale linapotiwa katikati ya msongamano wa magari, kisha likatarajiwa liwahi.

Mji wa Portland, Marekani, ulifungua njia ya namna hiyo mwaka 2001, na miji mingine ikaiga. Washington ilifungua yake Februari 2016 katika mtaa wa H: kilomita tatu na nusu hivi, wala nauli haikutozwa. Reli zililazwa katika njia ileile ya magari, ubavuni mwa yale yaliyoegeshwa. Basi mtu akiegesha vibaya, tairi likabaki nje ya mstari, tramu nzima na abiria wake ilisimama mpaka mwenyewe apatikane au gari livutwe. Dereva wa basi angezungusha usukani kidogo akapita. Tramu haina usukani. Treni nayo ingepita, kwa sababu njia ni yake. Chombo hiki kilirithi udhaifu wa wazazi wote wawili.

Watetezi walisema reli haihami, hivyo mwenye mtaji akiiona atajenga kando yake kwa imani. Mtaa wa H ulijengwa kweli, sikatai, ingawa ujenzi ulianza kabla tramu haijabeba abiria hata mmoja. Na hiyo reli isiyohama? Mwaka 2025 meya alitangaza mpango wa kuiondoa na kuweka mabasi ya umeme, hata miaka kumi haijatimia.

Chuoni, mwalimu mwanafunzi aliponiletea zana ya kufundishia iliyopakwa rangi za kupendeza, nilimwuliza: mtoto amejua nini leo ambacho jana hakukijua? Waliobuni njia ya mtaa wa H ningewauliza vivyo hivyo: abiria amewahi kwa dakika ngapi?

Dar es Salaam, mwaka huohuo wa 2016, ilianza mabasi yaendayo haraka. Yana upungufu wake, na foleni za vituoni nazijua kwa miguu yangu. Lakini katika Barabara ya Morogoro yalipewa njia yao wenyewe. Gari la mtu likiharibika upande wa pili, basi lapita. Nalo ni basi la matairi tu, halina hata kengele.