Riwaya uliyoisoma ujanani irudie ukubwani

MAJUZI nikipanga upya vitabu vyangu, nilikutana na Rosa Mistika, riwaya ya marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka wa 1971. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Tulipokezana nakala moja bwenini kwa kificho, maana tulisikia kwamba ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Kusema kweli, tulikuwa tukitafuta kurasa za mapenzi tu.

Hukumu yangu wakati huo ilikuwa rahisi: Rosa kaponzwa na tamaa. Msichana wa kisiwa cha Ukerewe anapata bahati ya kusoma, anapotoka, mwishowe anajiua. Asiyesikia la mkuu, basi! Nilipokuwa mwalimu, niliwafundisha wanafunzi wangu vivyo hivyo.

Safari hii nimeisoma nikiwa baba wa mabinti watatu, na macho yangu yameganda kwa Zakaria, babake Rosa. Mlevi huyu, ambaye familia yake inategemea jasho la mkewe Regina, anamcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Hamwelezi kitu, anampiga tu. Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume, si kuwaelewa. Anapoenda kusoma mbali na fimbo ya baba, hana cha kumwongoza. Alilelewa kwa woga, na woga huo uliachwa nyumbani.

Hapo nilikifunga kitabu. Nilikumbuka siku niliyompokonya kifunguamimba wangu simu, nikausoma ujumbe wa mvulana kwa sauti mbele ya wadogo zake. Tangu siku hiyo hakuniambia siri yake tena.

Je, kitabu kimebadilika? La hasha. Zakaria alikuwa humo tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuwa nimeishi vya kutosha kumwona. Ndiposa nasema hatuwatendei haki waandishi wetu tunapowasoma kwa ajili ya mtihani, kisha tukawafungia kabatini. Orodha ya maudhui na sifa za wahusika humfaa mtahiniwa. Mzazi anahitaji kukisoma kitabu chenyewe.

Hebu nawe itafute ile riwaya uliyoitolea hukumu ukiwa na miaka 17. Nakala yangu nimempa binti yangu, ambaye sasa ni mama. Nasubiri kusikia atasema nini kuhusu Zakaria.