Bibi yangu wa Bahi na ubongo unaosoma

Nimemaliza *Reading in the Brain* cha Mfaransa Stanislas Dehaene, toleo la Kiingereza la 2009. Hoja yake tamu: hatuzaliwi na sehemu ya kusomea. Tukijifunza herufi, kipande cha ubongo upande wa kushoto, kwa nyuma, kilichozoea kutambua sura na vitu, kinapewa kazi mpya. Picha za MRI zinakikuta palepale, msomaji awe wa Kifaransa au Kichina.

Kwenye herufi na sauti, Dehaene ni mwalimu hasa. Anaeleza kwa nini mtoto wa Italia husoma baada ya miezi michache tu huku wa Uingereza akihangaika na tahajia miaka. Nikawaza Kiswahili chetu: ba, be, bi, bo, bu, basi, unasoma.

Hapo ndipo kitabu kiliponiacha njiani. Bibi yangu, Mgogo wa Bahi, alijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970. Alikuwa anasoma ukurasa mzima wa gazeti kwa sauti bila kukosea, kisha ananiuliza kwa Kigogo: limesema nini? Herufi alizishika, Kiswahili kilikuwa bado mgeni.

Dehaene anazo njia mbili, ya sauti na ya maana, ila wasomaji wake wengi wanasoma lugha ya nyumbani. Bibi hayumo.

Kisomeni, kinastahili. Lakini mtoto wa Chamwino akisoma bila kukwama, msiishie kupiga makofi. Muulizeni hadithi ilihusu nini.