Wasikilizaji wa Mboko

Mwaka 2011, mahakama ya kijeshi inayotembea ilipoketi Baraka, mashariki mwa Kongo, kuhukumu ubakaji uliofanywa na wanajeshi mjini Fizi, dunia ilitazama majaji. Wasaidizi wa kisaikolojia wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, wa Baraka na Mboko, hawakutazamwa, wala hawatazamwi leo.

Mama aliyebakwa anaingia, anasema Mungu amemwadhibu. Msaidizi naye ni mtu wa kanisa, au wa msikiti. Jibu analo mdomoni, analimeza. Hahubiri, hamkosoi. Mama akitaka kusali, msaidizi anamngoja amalize, ndipo anauliza habari za usingizi, chakula, mume. Na haraka ipo: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 baada ya kubakwa. Jumapili wakikaa benchi moja kanisani, anamsalimu kama asiyejua lolote.

Ukikutana naye Mboko, usimwulize kasikia nini.