Pete nyeusi nyuma ya bafle

Geuza bafle la besi katika nganda, yaani baa, yoyote ya Dilala mjini Kolwezi, au lile lililofungwa kwenye buti ya teksi, na karibu kila mara utakuta mgongoni pete nene nyeusi, nzito, inayovunjika kama kigae ikiangushwa. Hiyo ni sumaku ya feriti. Hadi 1978 spika nyingi za hali ya juu zilizotoka Marekani na Uingereza zilitumia sumaku nyingine, ya alniko, na mpaka leo wapo wapenzi wa vyombo vya zamani wanaoapa kwamba besi iliharibika siku feriti iliposhika nafasi yake. Wamekosea, na kosa lao linatuhusu sisi watu wa Lualaba kuliko wanavyojua, kwa sababu badiliko lile lilianzia Kolwezi.

Alniko ni mchanganyiko wa metali. Ile ya daraja la 5, iliyopendwa na watengenezaji wa spika, ina kobalti asilimia 24, nikeli 14, alumini 8, shaba kidogo kama asilimia 3, na kilichobaki ni chuma. Kilo moja ya sumaku hiyo, basi, imebeba gramu 240 za kobalti, na wakati huo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia ilitoka katika migodi ya kampuni ya Gécamines, mji wa Kolwezi ukiwa ndio moyo wake. Mei 13, 1978, waasi wa kundi la FNLC waliingia mjini wakitokea Angola kupitia Zambia. Mei 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka. Mamia ya watu waliuawa, Wakongo na Wazungu, katika vita ambavyo mjini huitwa vita ya siku sita. Bei ya kobalti, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka, ilifika dola 25 mwanzoni mwa 1979, na kwenye soko huru ikapita 40. Piga hesabu: kobalti iliyo ndani ya kilo ile moja ya sumaku ilipanda kutoka dola tatu na ushei hadi dola 13, na kwa mnunuzi wa soko huru hadi zaidi ya 20. Hakuna kiwanda cha spika ambacho kingestahimili hilo kwa muda mrefu.

Mtu anaweza kupinga kwamba vita vinasingiziwa. Migodi haikufungwa kwa miaka, kazi ilirudi upesi, na soko lilikuwa limeshaanza kubana kabla ya risasi ya kwanza. Ni kweli. Lakini mwenye kiwanda cha California hanunui kobalti ya jana, ananunua ya mwakani, na baada ya Mei 1978 hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba ya mwakani itafika. Kilichomfukuza kwenye alniko ni hofu, na hofu ilikuwa na sababu: huo ulikuwa uvamizi wa pili wa mkoa wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, katika muda wa miezi kumi na minne. Feriti, ambayo Philips ya Uholanzi iliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, haina hata chembe ya kobalti. Ni kutu ya chuma iliyochanganywa na bariamu au strontiamu, ikasagwa, ikashindiliwa, ikachomwa tanuruni kama chungu. Malighafi yake iko kila mahali.

Shida ni kwamba huwezi kung'oa alniko ukabandika feriti palepale. Nguvu ya sumaku inayobaki ndani ya feriti ni kama theluthi moja ya ile ya alniko, kwa hiyo inahitaji eneo pana: mcheduara mrefu uliokaa katikati ya koili, yaani waya uliosokotwa unaoisukuma koni ya spika, unageuka kuwa pete bapa inayoizunguka kwa nje. Kuna na jambo la pili, ambalo ndilo lililowapa watu sababu ya kulalamika. Koili inapopitisha mkondo mkubwa, nayo inakuwa sumaku, na sumaku yake inausukuma na kuuvuta uga wa sumaku ya spika, uliotakiwa kutulia. Alniko ni metali inayopitisha umeme, hivyo hujitetea kiasi dhidi ya msukosuko huo. Feriti ni kigae, haipitishi umeme, na msukosuko huzunguka kwenye chuma cha spika bila breki. Sikio hulisikia jambo hilo kama besi yenye ukungu. Kampuni ya JBL ililijibu kwa muundo iliouita SFG. Nguzo ya chuma iliyo katikati ya koili ilikatwa shingo chini kidogo ya mwanya ambamo koili hucheza, ili uga wa juu na wa chini ulingane, koili isivutwe upande mmoja kuliko mwingine. Kisha pete nzito ya alumini ikavishwa kwenye kitako cha nguzo ile. Uga unapotaka kuyumba, umeme unazaliwa ndani ya pete na kuupinga: breki iliyokosekana ikarudishwa kwa kipande cha metali cha bei rahisi. Spika ya studio ya 4343, iliyotoka 1976 na alniko, ikaendelea kama 4343B kwa feriti, na mafundi waliozipima hawakukuta besi iliyoanguka.

Wapenzi wa alniko wana hoja moja nzito: breki ya pete ya alumini hudhoofika kadiri masafa ya sauti yanavyoshuka, kwa hiyo kwenye besi ya chini kabisa haisaidii sana. Nakubali. Ila alniko nayo ina donda lake, kwani ukiisukuma kwa wati nyingi inaweza kupoteza sehemu ya usumaku wake moja kwa moja, jambo ambalo feriti hulistahimili vizuri zaidi. Na huko chini kabisa, sumaku siyo inayoamua. Uzi mnene wa gitaa la besi hulia kwenye hezi 41. Ili kutoa sauti ya hezi 40 kwa nguvu ileile ya hezi 80, koni lazima isukume hewa mara nne zaidi. Hapo kinachoulizwa ni upana wa koni, urefu wa mwendo wake, na ukubwa wa kasha. Kasha dogo, besi ya chini na sauti kubwa kwa wati chache havipatikani pamoja, chagua viwili. Ndani ya gari mambo ni mepesi kidogo, maana wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita zaidi ya nane na halienei mle, hivyo gari lililofungwa madirisha huikuza besi ya chini bila malipo. Nyumbani hakuna zawadi hiyo, na bafle lililotikisa gari likihamishiwa sebuleni huonekana limekufa.

Kwa hiyo anayechagua spika sokoni kwa kuangalia unene wa pete nyeusi anapima kitu kisichomwambia mengi, sawa na tajiri anayelipia alniko kwa jina. Aulize ujazo wa kasha ambalo spika hiyo imekusudiwa, na kama nguzo yake ina pete ya alumini au kofia ya shaba. Shaba hufanya kazi hiyo vizuri kuliko alumini, na koili nyingi zinazozunguka nguzo hizo ni nyaya za shaba vilevile. Kobalti nayo haikukaa nje ya muziki daima: imo kwenye betri za litiamu za simu nyingi zinazocheza nyimbo hizo, na sehemu kubwa yake bado inachimbwa Kolwezi.