Disiki za «Jazz» za Kuweka Nyumbani

Huku Butembo na Beni mtu akisema «jazz», hafikirii Marekani; anafikiri African Jazz ya Kabasele, iliyoanza 1953, na OK Jazz ya Franco, ya 1956. Hatukatai: «Indépendance Cha Cha» ya 1960 iwepo, na «Mario» ya 1985 pia, ijapokuwa ni ndefu kwa wenye haraka. Lakini sanduku likijaa Lingala tupu, tunaona kasoro. Iko wapi «Masanga» ya Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa kule Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952? Gita moja tu: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba juu yake, na maneno ni Kiswahili ya Katanga, tunayoisikia bila mkalimani. Orkestra hizo mbili zilikuwa bado kuzaliwa. Tungeinunua mbele ya Franco.