Mawakala 16 bila mnyapara

Mapema mwaka 2026, Nicholas Carlini, mtafiti wa Anthropic, aliwaachia mawakala 16 wa akili mnemba kazi ya kuandika kompaila ya lugha ya C kwa kutumia Rust. Wiki mbili na karibu dola 20,000 baadaye, kulikuwa na programu ya mistari takribani 100,000 inayoweza kujenga Linux 6.9.

Mnyapara hakuwepo. Kila wakala alikuwa kwenye kontena lake, akichota msimbo kutoka hazina moja ya Git. Aliyetaka kazi aliandika faili dogo kwenye folda ya kazi zinazoendelea. Mwenzake akiidokoa kazi hiyohiyo, Git ilimkatalia, akatafute nyingine. Kikao kipya hakikumbuki cha jana, kwa hiyo maelezo ya hatua iliyofikiwa yaliandikwa ndani ya hazina hiyohiyo. Na kwa kuwa wakala hajui saa, angeweza kushinda akiendesha majaribio yote. Akawekewa njia ya kuendesha asilimia 1 au 10 tu.

Majaribio yakiwa madogo na mengi, mambo yalikwenda. Keneli ya Linux ikawagomea, maana ni kazi moja kubwa: wote 16 walijikwaa kwenye kosa lilelile, kila mmoja akalirekebisha, kisha wakafutiana kazi. Wahenga walionya juu ya manahodha wengi. Hapa hakukuwa na hata mmoja, na chombo kilikwama vilevile.

Dawa ilikuwa GCC, kompaila kongwe inayoaminika. Faili nyingi za keneli zilijengwa kwa GCC, na fungu lililobaki, lililochaguliwa kwa bahati nasibu, kwa kompaila mpya. Keneli ikiwaka, kosa haliko katika fungu hilo. Ikigoma, fungu linapunguzwa hadi faili lenye kosa linaswe. Sasa kila wakala akawa na faili lake la kuhangaika nalo. Kwa maoni yangu, kipimo hiki kiliubeba mradi kuliko wingi wa mawakala.

Kasoro zipo. Msimbo unaotolewa na kompaila hiyo una ufanisi mdogo kuliko wa GCC iliyozimiwa uboreshaji wote, na sehemu ya biti 16 ya kuwasha Linux kwenye x86 bado iliazimwa kutoka GCC.

Mifumo mingi ya maofisini haina kitu kama GCC cha kuipimia. Anayetaka kuiga atumie fedha zake za kwanza kwenye majaribio, mawakala wasubiri.