Oran ya Camus: majina yako wapi?

Bandugu, nimemaliza kusoma La Peste ya Albert Camus (1947). Tauni inafunga Oran, bandari ya Algeria. Daktari Rieux namupenda: anatibu bila kelele. Lakini Waarabu wako wapi? Rambert anafika kuchunguza maisha yao, kisha habari hiyo inapotea. Hakuna hata mmoja mwenye jina.

Camus anauchora mji wa biashara tu. Kumbe mabaharia wa Andalusia waliuanzisha karne ya 10, Wahispania na Waturuki wakaugombania, mbele ya Wafaransa kuingia 1831.

Sisi wa Ituri tunaijua tauni: Rethy, Mahagi, Aru. Mgeni akiandika juu yetu, majina yetu yatakuwemo? Tuandike wenyewe, hata kurasa kumi.